Vuta N'kuvute kwa jicho la karani wa kadhi: Denge angelipa kodi ya nyumba?

Nimeisoma tena Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na nimeifunga nikiwa na hasira na Denge. Kama mpigania uhuru sina neno naye. Kama mume, au hata kama bwana wa kupendana naye, ningemshauri Yasmin afikiri mara mbili. Kila ninayemsikia akiisifu riwaya hii huisifu kwa siasa zake, na wanaomsifu Yasmin humsifu kwa ujasiri wa kumpenda mtu kama Denge. Sijamsikia anayeuliza Denge alimwachia nini jikoni.

Mie ni karani wa mahakama ya kadhi hapa Unguja. Madai ya matunzo, talaka, khului (talaka anayoiomba mke kwa kurudisha mahari), ugomvi wa makabati na vitanda, watoto wakae kwa nani, yote hupita mezani kwangu kabla hayajafika kwa Sheikh. Ukishazoea kuandika kila asubuhi kwamba mdai analalamika mdaiwa hamhudumii, huwezi tena kuisoma riwaya ya mapenzi kama wanavyoisoma wengine. Jicho linakwenda lenyewe kutafuta nani analipa kodi, nani anapika, nyumba ni ya nani, na siku wakikosana nani atatoka na begi. Basi uhakiki huu ni wa jicho hilo. Anayetaka uchambuzi wa mandhari na tamathali za usemi, miongozo ya wanafunzi imejaa madukani.

Kwa asiyeijua: riwaya ilitoka mwaka 1999, na hadithi yake ni ya Unguja ya zama za Mwingereza, vuguvugu la kudai uhuru lilipokuwa linapanda. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa miaka 52. Hamtaki. Anaikimbia ndoa, watu wa kwao wanamfungia mlango, na anaishia Ng'ambo kwa Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili mwenye chumba chake, ngoma zake na ulimi wake. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayeandamwa na Inspekta Wright na Koplo Matata kwa vitabu na magazeti ambayo serikali ya kikoloni haikutaka yasomwe. Wanapendana, na serikali haiwapi nafasi.

Nianze na ninachokipenda, kwani ni kingi. Sehemu ya ndoa ya Raza ndiyo iliyoandikwa kwa mkono mzito zaidi, na nasema hivyo kama mtu aliyekwisha kuona mabinti wa aina ile wakiingia ofisini na mabuibui yao mapya. Mie simwoni Raza kama dubwana. Namwona mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mke naye ana la kusema, na dunia yote inayomzunguka, kuanzia wazee wa binti hadi majirani wa dukani, inamhakikishia kwamba yuko sawa. Mwandishi hakuhitaji kumpa kiboko mkononi. Miaka ile 52 mbele ya 15 inatosha kukaa kitandani baina yao.

Na hayo si mambo ya kale tu. Kule Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Ilibidi kesi ifunguliwe, Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hukumu ile ile mwaka 2019. Huku kwetu ndoa za Waislamu zina njia nyengine na sheria ile haitufiki, lakini binti wa miaka 15 ni yule yule pande zote mbili za bahari. Shafi aliliona hili bila hotuba hata moja. Siasa yake bora kabisa imo katika sura ambazo hakuna mtu anayetamka neno siasa.

Halafu Mwajuma. Jamani, Mwajuma! Kama riwaya hii ina mapenzi ya kweli, basi ni ya wanawake hawa wawili. Mwajuma hamuulizi Yasmin dini, kabila wala chama. Anampa pa kulala, anamgawia chakula, anamfundisha kuvaa kanga, kucheka na kujibu. Wakoloni waliugawa mji: Mji Mkongwe upande huu, Ng'ambo upande ule, na kila kabila na daftari lake. Mwajuma anayafuta yote hayo kwa kumsogezea mwenzake nafasi. Mie nilizaliwa Kikwajuni, na Ng'ambo ile ya vibanda vya makuti na udongo sikuiwahi. Sehemu yake kubwa ilibomolewa kupisha yale majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki. Lakini wanawake wa namna ya Mwajuma nimewakuta. Wanakuja mahakamani kama mashahidi wa wenzao, na ukiwauliza "wewe ni nani wake?" wanatafuta jibu la kuandika kwenye faili hawalipati. Si dada, si shangazi, si jirani tena. Ni yule tu aliyempokea siku aliyofukuzwa.

Sasa tuje kwa Denge.

Denge ana akili, ana msimamo, hatishiki. Anaingia usiku, anaondoka kabla hakujakucha, anakamatwa, anatoka, anakamatwa tena. Yasmin anampenda na mie naelewa kwa nini, kwani baada ya Raza mtu yeyote anayekusemesha kama binadamu atakuwa mwezi wa kumi na nne. Ila nilipojaribu kuwatazama wawili hawa kama ninavyowatazama watu wanaokaa kwenye lile benchi letu la mbao, nilikuta kitu kimekosekana. Nikimtoa Wright na Matata, nikaziondoa zile pilikapilika za kujificha, sioni wanachozungumza. Yeye anaeleza ukoloni, binti anasikiliza. Yeye anatoweka, binti anasubiri. Hamu ya Yasmin tunaiona hadi ndani ya mifupa, lakini hamu ya Denge tunaambiwa tu kwamba ipo. Na kodi ya chumba, mkaa na sukari vinaendelea kutoka kwa Mwajuma.

Kuna kijana tunayefanya naye kazi masjala, msomaji mzuri, aliyenibishia hapa kwa nguvu. Anasema namwonea Denge: mtu anayewindwa na polisi atahudumia nyumba vipi? Riwaya ni ya ukombozi, si ya bajeti. Sawa. Lakini mke wa mtu anayewindwa na polisi hula nini? Hilo nalo ni swali la ukombozi, na ndilo ambalo wanawake waliolipitia wangetaka kulisoma. Visiwa hivi vina wanawake wengi ambao waume zao walichukuliwa usiku kwa ajili ya siasa, kabla ya 1964 na baada yake. Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa ndani baada ya kuuawa Rais Karume mwaka 1972, na Haini, aliyoitoa mwaka 2003, imetokana na adha hizo. Mtu huyu anajua jela ilivyo. Ndiyo maana nadai zaidi kutoka kwake kuliko kwa mwandishi aliyeisoma jela magazetini.

Na Denge hayuko peke yake. Hebu zitazame riwaya zetu zenye siasa, utaona desturi moja: kiongozi mbaya hupewa nyumba, mpambanaji mwema hapewi. Chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Bwana Maksuudi, tajiri na mkubwa wa watu, tunaingizwa hadi chumbani kwake. Tunaona anavyomfungia ndani mkewe na binti yake Maimuna, tunaona Bi Tamima anavyotolewa kwa talaka, tunaona nje ni mheshimiwa na ndani ni simba. Nenda Kenya, chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyosomwa na wanafunzi wa sekondari wa nchi nzima: Mtemi Nasaba Bora anatawala Sokomoko mchana, na usiku anamwacha Zuhura peke yake kitandani akimfuata Lowela, msichana wa kusoma. Udhalimu wa nje na udhalimu wa ndani ni kitu kimoja. Funzo limeeleweka hata kwa mtoto wa darasa la saba.

Lakini wema? Rashidi wa Kuli, riwaya nyengine ya Shafi, anapanda na mgomo wa bandarini wa mwaka 1948, na mgomo huo ndio tunaoukumbuka. Madhubuti wa Kidagaa anaupinga ufisadi wa baba yake, na nyumba yake mwenyewe hatuioni ilivyo. Denge ndiyo huyo. Waandishi wetu wanaogopa kumpeleka shujaa nyumbani kwake saa mbili usiku, mtoto ana homa, mkutano unamngoja. Wanajua wakimfikisha pale atatokea binadamu mwenye kasoro, na tumezoea mashujaa waliopigwa pasi.

Mie kwa kazi yangu nimeshuhudia kinyume cha desturi hii kiasi cha kuchoka. Mtu anasifiwa mtaa mzima, chama chake kinamtegemea, akisimama kuzungumzia haki watu wanalia, na mkewe amekaa mbele yangu na risiti za dawa za mtoto alizokopa. Tena nimeona watu ambao siasa zao ningezitemea mate wakileta matunzo ya mtalaka kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa. Hapo ndipo penye riwaya, na hapo hawapagusi. Maksuudi kuwa mume mbaya hakunishtui hata kidogo. Ningeshtuka kama angekuwa mume mwema, na ningelazimika kufikiri.

Niendelee kidogo na Kidagaa, maana nina ugomvi nayo. Walibora alijua kusuka hadithi na Kiswahili chake kinateleza kama samli, lakini watu wake wametembea na mabango shingoni. Amani, Imani, Madhubuti, Majisifu, Nasaba Bora. Kitoto kinatupwa mlangoni, kinaitwa Uhuru, na kinakufa. Nimeelewa, bwana mwalimu! Tumepata uhuru tukautelekeza. Lakini nilikuwa nataka kukililia kile kitoto, na jina lile halikuniachia. Kila nikikaribia kuona uso wake ninaona katiba. Hata Lowela, ambaye ningependa kujua alikuwa anawaza nini njiani akienda kwa Mtemi, anatumika kama ushahidi wa mashtaka kisha anawekwa kando. Msichana amerubuniwa na kiongozi, halafu mwandishi naye hampi nafasi ya kusema.

Utengano imemfanyia Maimuna haki zaidi. Anatoroka utawani, anaangukia kwenye mabaa na ukahaba, na anapewa mwili, kiu, ghadhabu na makosa ya kwake mwenyewe. Kazija naye, anayewapambanisha Maksuudi na mwanawe wa kiume, wanaojiona waheshimiwa, ni mwerevu wa kutisha. Hapo sina la kulalamika ila moja: njia ya binti aliyefungiwa haikupaswa kuwa mbili tu, utawa au baa. Mabinti wengi waliofungiwa ambao nimewaona walipotoka walifungua biashara ya ubuyu na visheti.

Mwandishi Euphrase Kezilahabi aliwahi kuliona jambo hili kabla ya wote, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Humo hakuna mkutano wa hadhara wala chama. Kuna baba mlevi Ukerewe, binti anayekwenda shule, na wanaume wenye vyeo wanaomngoja njiani, bwana maendeleo kwanza, kisha mkuu wa chuo. Dola inamfikia Rosa kupitia watu hao. Haiji na bendera, inakuja na gari na zawadi. Kisha Charles, mchumba aliyesoma, kijana wa kisasa kabisa, anamwacha kwa sababu si bikira. Kijana wa taifa jipya mwenye kipimo cha babu yake! Mwisho wa Rosa kujiua sikuupenda nilipokuwa shule na siupendi leo. Waandishi wetu wa kiume wa enzi ile walikuwa wepesi sana wa kuwazika wanawake.

Anayetaka kuona mambo haya yalivyofumwa bila mshono kuonekana, na atafute Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu baba yake ana deni. Amina ameolewa na Aziz huyo huyo kwa njia ya deni pia. Wajerumani wanaingia pole pole pembezoni mwa hadithi, na wewe unashughulika na bustani, na bibi mkubwa wa nyumba, na kijana anayeanza kutazama asipopaswa kutazama. Mpaka unapofika mwisho umekwisha kuelewa utawala ni nini, na hakuna aliyekuhutubia. Mwanamke aliyeolewa kufidia deni sikuhitaji kuelezwa. Jambo hilo halijaisha, limebadilisha tu karatasi.

Kuna jambo jengine linaloifanya Vuta N'kuvute kuwa nzito kuliko pengine ilivyokusudiwa. Yasmin na Denge wanapendana kabla ya mapinduzi, binti wa Kihindi na kijana mweusi wa Ng'ambo, kwa hiari yake binti mwenyewe. Riwaya inaishia kabla ya 1964. Lakini msomaji wa Unguja wa mwaka 1999 alijua yaliyofuata. Alijua kwamba mwaka 1970 wasichana wa Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na waliofanya hivyo wakaita kuchanganya makabila. Soma upya zile kurasa za Yasmin akitembea mwenyewe kwa miguu yake kwenda Ng'ambo, ukiyakumbuka hayo. Shafi hatamki kitu, wala hakupaswa. Ile hiari ya Yasmin peke yake ni hoja kali dhidi ya waliofikiri watu wanaweza kuunganishwa kwa amri, na nadhani hapa mwandishi amekuwa jasiri kuliko katika sura zote za polisi na mabarua ya siri.

Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 nimeiona pia. Inapendeza macho, na Siti Amina kama Mwajuma amenikosha roho, sauti yake na kiburi chake chote. Imewapa Yasmin na Denge ukimya ambao kitabuni haupo, wanatazamana, basi, na hilo limesaidia sana. Ila ugomvi wangu na Denge haujatatuliwa na kamera.

Sasa Bukheti. Yasmin mwishowe anaolewa na Bukheti, na hapa ndipo wasomaji wengi wanapokasirika. Wanasema mwandishi amemsaliti Denge, amemrudisha binti kwenye ndoa ya kawaida baada ya safari yote ile. Mie nasimama upande wa mwandishi kwa miguu miwili. Yasmin alianza kwa kuozwa. Anamalizia kwa kuolewa na mtu aliyemkubali mwenyewe, na baina ya ndoa hizo mbili kuna mwanamke aliyejifunza kusema hapana. Hilo ndilo badiliko kubwa kabisa katika kitabu kizima, na Denge, pamoja na vitabu vyake vyote vya Urusi, ni sehemu tu ya shule aliyopita. Kumpenda mtu hakukulazimishi kuwa mjane wa harakati zake.

Ninachomlaumu Shafi ni kwamba ameandika ndoa hii kwa haraka, kama mtu anayefunga duka. Raza amepewa nafasi, Denge amepewa nafasi, Wright na Matata wamepewa nafasi ya kutosha na ya ziada. Bukheti, mwanamume pekee ambaye tungeweza kumwona akirudi jioni na samaki mkononi, akiulizwa na mkewe kuhusu yule wa zamani, akinyamaza, akijibu, anapita mbele yetu haraka haraka. Nataka kujua Yasmin alimweleza nini kuhusu Denge, na lini. Nataka kujua kama alipolisikia jina la Denge likitajwa barazani alijikaza. Hizo ni kurasa thelathini ambazo ningezilipia bei ya kitabu kizima tena.

Nikitakiwa kutoa alama, Vuta N'kuvute naipa nne katika tano, na ile moja iliyobaki anayo Denge. Peponi naipa tano. Utengano nne, kwa ajili ya Maimuna na Kazija. Kidagaa tatu, na najua walimu wa Kenya watanitafuta. Kwa binti anayekwenda kuolewa na mwanaharakati wa chama chochote kile, anunue Vuta N'kuvute, aisome na mchumba, kisha amuulize kodi ya mwezi wa kwanza italipwa na nani.